Utii wa Mtu Mzima

Katika desturi zetu mdogo ndiye humwamkia mkubwa. Kijana hutoa shikamoo, mzee huitikia marahaba, na kwa maneno hayo mawili kila mmoja hujua mahali pake. Sasa itakuwaje mzee huyo akisimama mstarini, miguu mitupu, akiamriwa kupinda goti na kijana ambaye umri wake ni sawa na wa mwanawe wa kwanza? Je, heshima yake imepotea, au imehamia mahali pengine? Swali hili nataka kulichungua kwa mfano ambao huenda msomaji hakuutazamia katika kitabu cha utamaduni wa taifa, yaani mafunzo ya karate ya jadi kwa mtu mzima.

Kijiji cha Sanje kiko chini ya milima ya Udzungwa, kando ya barabara itokayo Mikumi kwenda Ifakara. Nyuma yake maporomoko ya mto Sanje huanguka kiasi cha meta 170, na mbele yake bonde la Kilombero limetandaa mashamba ya miwa na mpunga. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, pamoja na kilimo cha miwa, vimewaleta huku watu wa makabila mengi, na kila mmoja amekuja na ujuzi wake. Miongoni mwao alikuwa kijana mmoja mkata miwa aliyejifunza karate mjini Morogoro. Jioni, baada ya kazi, aliwafundisha vijana wenzake kiwanjani. Mimi nilijiunga nao nikiwa na umri wa miaka 43.

Swali la kwanza nililoulizwa na majirani lilikuwa: “Mzee mzima, unataka kumpiga nani?” Swali hilo si la kipuuzi. Mkono mtupu haushindi bunduki, na bonde letu linalijua jambo hilo kuliko mahali pengi. Tarehe 30 Agosti 1905, katika vita vya Maji Maji, Wapogoro na Wambunga walilishambulia boma la Wajerumani pale Mahenge, ng’ambo ya mto Kilombero, wakitumaini kwamba dawa ya maji ingewakinga na risasi. Bunduki za rashasha ziliwaangusha wengi mno. Ujasiri wao hauna doa, lakini anayeikumbuka siku ile hawezi tena kuudhania mwili wake kuwa ngao. Kwa hiyo nikajibu kwamba simtaki mtu. Nilikuwa nasema kweli, ingawa sababu yangu halisi sikuwa nikiijua bado. Wala jibu hilo halipingani na karate yenyewe, maana mafunzo yake yaliyopangwa hatua kwa hatua, yaitwayo kata, aghalabu huanza kwa kukinga wala hayaanzi kwa kupiga.

Wengine walisema kwamba hili ni jambo la kigeni lililoletwa na sinema. (Na sinema zenyewe mara nyingi zilikuwa za Kichina kutoka Hong Kong, wala hazikuwa za karate, lakini watazamaji wetu hawakujali tofauti hiyo.) Mwalimu Nyerere, alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, aliwaambia Wabunge kwamba taifa likataalo kujifunza mambo ya wengine linajipumbaza, ila kujifunza huko kusitufanye tuyaache yaliyo yetu. Karate yenyewe ilizaliwa kwa kujifunza kwa namna hiyo. Watu wa Okinawa, waliokuwa na ufalme wao wa Ryukyu, walichanganya mapigano yao ya kienyeji na mafunzo ya Kichina. Ufalme huo ulivamiwa na watu wa Satsuma mwaka 1609, ukamezwa kabisa na Japani mwaka 1879. Basi hii ni sanaa ya watu waliotawaliwa, kabla haijawa fahari ya waliowatawala. Na miongoni mwa walioifundisha nchini mwetu mapema ni Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mweusi aliyefundisha mtindo wa Goju-ryu katika shule ya Zanaki, Dar es Salaam, katika miaka ya 1970, wakati ambapo ndugu zetu wengi wenye asili ya Afrika walikuwa wakivuka bahari kuja kuiona Tanzania ya Ujamaa.

Hayo ya asili nayapita, kwani hayakuwa yakinisumbua. Lililonisumbua ni ule mstari.

Zamani, huko Okinawa, mwalimu alikuwa na wanafunzi wachache tu, akimfundisha kila mmoja kwa namna yake, pengine usiku uani kwake. Mwanzoni mwa karne ya 20, Itosu Anko, akiwa mzee wa miaka zaidi ya 70, aliiingiza karate katika shule za Okinawa. Watoto wengi hawawezi kufundishwa kama mtu mmoja. Hivyo mafunzo yakapangwa kwa mistari, kwa hesabu na kwa amri moja inayosogeza miguu yote. Walimu wanaosoma makala haya wataitambua mara moja hali hiyo, kwa kuwa ndiyo hali ya darasa lolote. Basi mtu mzima anayejiunga leo anaingia katika umbo lililotengenezwa kwa ajili ya watoto wa shule. Anapanga foleni kwa cheo wala si kwa umri, na kijana wa miaka 16 aliyemtangulia kwa mwaka mmoja husimama juu yake. Anapiga magoti na kuinama kabla ya kuanza na baada ya kumaliza.

Mwalimu wetu alipata taabu kuliko mimi. Kila jioni alikuja kwangu kwanza, akatoa shikamoo, nami nikaitikia. Kisha tukaingia mstarini, naye akawa mkubwa. Lakini alipopita kurekebisha mwendo wa wanafunzi, vijana aliwasukuma magoti na kuwapiga mabega, na alipofika kwangu alitazama kando, akasema, “Vizuri, mzee,” akaenda zake. Hali hiyo iliendelea kwa muda wa miezi mitatu. Goti langu la kushoto lilikuwa likiangukia ndani kila nilipokanyaga mbele, naye aliliona, hakusema neno. Mwisho goti likavimba, nikakaa nyumbani wiki tatu. Aliponitembelea, nilimwuliza kwa nini hakunikosoa. Akajibu, “Mzee wangu, ningekukosoaje mbele ya watoto?”

Jibu lile lilinitia uchungu zaidi ya goti. Niliona kwamba heshima aliyonipa ilikuwa imeninyima kile nilichokijia. Aliniheshimu kama mtu ambaye hawezi tena kujifunza, yaani mtu aliyekwisha. Na kosa halikuwa lake peke yake. Nami nilipenda kusikia “vizuri, mzee”. Nililipokea neno hilo kila jioni kama posho yangu, huku nikijua moyoni kwamba si kweli. Heshima ya namna hiyo ni mapatano ya watu wawili kutoambiana ukweli, na aghalabu anayeumia ni yule anayeheshimiwa.

Taifa letu liliwahi kukabili jambo hili kwa kiwango kikubwa. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na baadaye ikaendeshwa kampeni ya kufuta ujinga nchi nzima. Walimu wengi wa madarasa yale walikuwa wa kujitolea, na miongoni mwao walikuwamo vijana waliomaliza shule ya msingi. Chini ya miti na katika majengo ya shule, wazee walishikishwa kalamu na watoto wa majirani zao. Kijana alilazimika kumwambia babu kwamba herufi yake imegeuka. Kama kila kijana angesema “vizuri, babu” na kupita, wazee wale wangerudi makwao na heshima zao zote, wasijue kusoma barua ya mtoto aliye mbali. Nadhani hatujawashukuru vya kutosha vijana waliothubutu kukosoa, wala wazee waliokubali kukosolewa, ambao kazi yao ilikuwa ngumu zaidi.

Katika karate pia iko mifano. Funakoshi Gichin alikuwa mwalimu wa shule huko Okinawa. Mwaka 1922, akiwa na umri upatao miaka 53, alikwenda Tokyo kuonyesha karate, akabaki huko. Hakuwa na fedha; alikaa katika bweni la wanafunzi kutoka kwao, akawa mlinzi, mtunza bustani na mfagiaji wa vyumba vya vijana. Kano Jigoro, mwanzilishi wa judo, aliyemzidi umri na ambaye jina lake lilikuwa limekwisha kuwa kubwa, alimwalika ukumbini kwake akamwomba amfundishe. Tazama basi: mzee maarufu anaomba kufundishwa na mgeni, na mgeni huyo anafagia vyumba vya wanafunzi. Sisomi popote kwamba mmoja wao alipungukiwa na chochote.

Lakini hapa yafaa tuwe waangalifu, kwani utii unaweza kutumiwa vibaya. Mtoto hutii kwa sababu hana njia nyingine. Mtu mzima aweza kuvaa kandambili zake akaenda nyumbani, na kwa kuwa aweza kuondoka, kubaki kwake kuna maana. Utii wake ni mkopo, na mwenye mali haachi kuwa mwenye mali. Baada ya goti langu kupona, mwalimu alianza kunikosoa, kwanza kwa woga, kisha kwa ukali, nami nikafurahi. Lakini siku moja alituamuru tuende Jumamosi kumpalilia shamba lake la mpunga, akasema ni sehemu ya mafunzo. Vijana walikwenda. Mimi nilimwambia, faraghani, kwamba mamlaka niliyompa ni ya pale kiwanjani, kuanzia kuinama kwa kwanza hadi kuinama kwa mwisho. Shambani umri wangu unarudi. Alinyamaza kitambo, akakubali, wala hakuwaamuru vijana tena. Jumamosi iliyofuata nilikwenda kumsaidia kupalilia kwa hiari yangu, kama jirani aendavyo ujimani, na huko yeye ndiye aliyenichagulia jembe jepesi.

Wapo watakaosema kwamba mpaka huo ni mwembamba, na kwamba kijana aliyezoea kumwamuru mzee jioni atamsahau asubuhi. Sikatai kwamba hatari hiyo ipo. Nimeona watu waliovaa mkanda mweusi wakadhani wamevaa na busara. Hata hivyo hatari hiyo naiona ndogo kuliko ile ya kijiji ambacho wazee hawaambiwi kwamba magoti yao yanaangukia ndani.

Katika Goju-ryu kuna kata iitwayo Sanchin. Hatua zake ni chache na fupi, na kazi yake kubwa ni pumzi na kusimama imara. Mwanafunzi anapoifanya, mwalimu humzunguka akimpiga kwa viganja mabegani na mapajani ili kupima kama mwili umekaza pale unapopaswa kukaza. Jioni moja ya Julai, jua likiwa limekwisha kushuka, mwalimu wetu alinifikia, nikasikia anasita nyuma yangu. Kisha kiganja kikaanguka begani kwa nguvu, sauti ikasikika hadi barabarani, na watoto waliokuwa wakitazama wakaacha kucheka. “Samahani, mzee,” akanong’ona. Sikumjibu, maana katika Sanchin mtu hasemi, hupumua tu, nami nilikuwa na hatua mbili zilizobaki.