Uchovu Usioondoka kwa Kulala

Huenda nyumbani kwako yupo mtu anayetibiwa saratani, na leo ameamka amechoka kuliko alivyolala. Usimwambie ajikaze. Uchovu huu si uvivu, wala si kukata tamaa. Unaletwa na ugonjwa wenyewe, na dawa, na mionzi, na upungufu wa damu, na maumivu ya usiku. Wengine hubaki nao miezi mingi baada ya matibabu, wakati majirani wameshawapongeza kwa kupona. Hapo ndipo lawama huanza, nazo humvunja mtu moyo.

Fikiria mama aliyetoka mkoani kuja hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kupigwa mionzi kwa majuma kadhaa. Amefikia kwa mdogo wake. Kuoga tu kunammaliza. Mdogo mtu, mwekee dada yako kigoda bafuni. Muulize ni saa ngapi anakuwa na nguvu, na saa hizo mwachie afanye analolipenda yeye: kusuka ukili, kuzungumza na wajukuu kwa simu. Wageni wapokee wewe, uwaombe wasikae sana. Jioni, jua likipungua, tembeeni taratibu hadi kona ya mtaa. Daktari akiruhusu, mwendo mdogo wa kila siku husaidia kuliko kushinda kitandani.

Tena uchovu huo usemwe kliniki. Wengi hunyamaza wakidhani ni wa kuvumiliwa tu, kumbe damu ikipimwa ikaonekana imepungua, upungufu huo mara nyingi hutibika. Tafadhali, liandikeni jambo hilo leo kwenye daftari la mgonjwa, ili daktari aulizwe.