Tawi Moja Tu

Katika Bahari ya Hindi kiko kisiwa cha Rodrigues, sehemu ya nchi ya Morisi. Huko tu huota kichaka fulani cha jamaa ya mkahawa, chenye maua meupe mfano wa nyota. Kilidhaniwa kimekwisha kabisa; karibu na mwaka 1980 mtoto wa shule akakiona kimoja, cha mwisho. Watu wakaja kukata matawi kwa dawa. Boma likajengwa, nao wakapenya.

Je, mgonjwa akikata tawi moja, amekosa? Tawi ni dogo, na maumivu si mchezo. Lakini kila mtu akikata moja tu, mgonjwa wa kesho akate wapi?

Mwaka 1986 vijiti vilipelekwa Uingereza. Kimoja kikashika mizizi, kikatoa maua. Mbegu zilichelewa mpaka mwaka 2003. Baadaye miche ikarudishwa Rodrigues.