Mwalimu wa Mpira Apimwe kwa Nini?

Katika nchi yetu mtu aongozaye timu ya mpira huitwa mwalimu. Wachezaji humwita hivyo, watangazaji humwita hivyo, hata mashabiki wamzomeao siku ya kufungwa humzomea kwa jina hilohilo la heshima. Neno kocha nalo limeingia, lakini halikuliondoa lile la kwanza. Sisi twaona jambo hili si dogo. Mwalimu hutazamiwa kumlea mtoto. Kocha, jinsi mambo yaendavyo siku hizi, hutazamiwa ushindi tu. Basi mtu huyu mmoja mwenye majina mawili apimwe kwa kipimo kipi?

Swali hili lawahusu hasa watu wa Dumila. Hapo barabara ya Morogoro kwenda Dodoma hukutana na ile iendayo Kilosa, na si mbali kufika Mtibwa, kwenye timu ya kiwanda cha sukari iliyotwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1999 na tena mwaka 2000. Kijana wa Dumila ajuaye mpira haoti ndoto ya mbali. Na anayemwanzisha safari hiyo, mara nyingi, ni mwalimu wa shule asiyepata hata senti kwa saa zake za jioni, au kijana wa mtaani mwenye filimbi na mipira miwili. Wazazi humkabidhi watoto wao bila kuuliza neno, maadamu timu yashinda.

Huko Marekani kipimo cha ushindi kimefika mahali ambapo sisi bado hatujafika. Vyuo vikuu vyao vina mpira wa namna yake, uchezwao zaidi kwa mikono, na mwalimu mkuu wa timu ya chuo kikubwa mara nyingi hulipwa kuliko mkuu wa chuo chenyewe. Bwana Joe Paterno aliiongoza timu ya Chuo Kikuu cha Penn State tangu 1966 hadi 2011, akashinda michezo 409. Alikuwa Mkatoliki. Wala hakuwa mtu wa ovyo: aliwataka wachezaji wake wasome, akatoa fedha zake kwa ajili ya maktaba, nayo ikapewa jina lake. Kumbe msaidizi wake wa miaka mingi, Jerry Sandusky, alikuwa akiwanajisi wavulana. Habari ya mtoto mmoja ilimfikia Bwana Paterno mwaka 2001. Akaipeleka kwa wakubwa wake, kisha akarudi uwanjani, polisi hawakuambiwa. Mambo yalipofichuka, Novemba 2011, akaachishwa kazi, akafariki Januari 2012. Mwaka huohuo Sandusky alipatikana na hatia katika mashtaka 45, na wasimamizi wa michezo ya vyuo wakamfutia Bwana Paterno ushindi 111. Mwaka 2015 wakamrudishia.

Watu wakabishana miaka mitatu kama ushindi wake ni 298 au 409. Kwetu sisi, ubishi huo wenyewe ndio ugonjwa. Wako wasemao kwamba alitimiza wajibu kwa kuwaarifu wakubwa. Lakini katika Misa hatuungami yale tuliyotenda peke yake. Twaungama pia yale tuliyopaswa kutenda tukayaacha. Wala Kanisa haliwezi kulisema hili kwa majivuno, maana nalo limekuwa na wakubwa waliopokea habari za namna hiyo wakazifungia mezani.

Tazameni sasa mtu wa karibu nasi zaidi. Bruda Colm O'Connell, wa Shirika la Mtakatifu Patrisi, alitoka Ireland mwaka 1976 kufundisha jiografia katika shule ya sekondari ya Mtakatifu Patrisi, Iten, nchini Kenya. Hakuwa amesomea mbio. Mwingereza aliyewafundisha wakimbiaji alipoondoka, Bruda akaombwa kushika kazi hiyo, akajifunza kwa kuwatazama wavulana wenyewe wakikimbia. Mmoja wao, Peter Rono, alikwenda kusoma katika chuo cha Kikatoliki cha Mount St. Mary's huko Marekani, akapata dhahabu ya mita 1500 mjini Seoul mwaka 1988. Mwingine, David Rudisha, alikimbia mita 800 mjini London mwaka 2012 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, akavunja rekodi ya dunia. Wengi zaidi walipita katika njia zilezile za vumbi wasipate medali yoyote, na milango ya mwalimu wao haikufungwa kwa sababu hiyo.

Hatumtangazi mtakatifu. Twataka kuonyesha jambo moja ambalo wamsifuo hulisahau: chakula cha Bruda hakikutegemea mbio za Jumamosi. Mwanafunzi akiumia mguu, aliweza kumwambia apumzike mwezi mzima, na yeye asikose ugali. Mwalimu ambaye ajira yake yakatwa baada ya michezo mitatu ya kufungwa hawezi kusema hivyo kwa urahisi. Atamchoma sindano ya maumivu kijana amwingize uwanjani. Lakini pia Bruda hana watoto wa kuwalipia ada, na mwalimu wa Dumila anao. Kwa hiyo si haki kumtaka aishi kama mtawa huku sisi tukishangilia. Baba Mtakatifu Leo XIII alifundisha tangu 1891, katika waraka Rerum Novarum, kwamba ujira wa haki wapaswa kumtunza mfanyakazi. Kamati ya shule iwezayo kununua jezi mpya kabla ya mashindano yaweza pia kumtolea mwalimu nauli na posho yake, ashinde asishinde.

Tena timu iendapo Kilosa au Turiani, waende watu wazima wawili au zaidi, na mama mmoja awe miongoni mwao. Mtoto asilazwe nyumbani kwa mwalimu. Naye akisema neno zito juu ya mtu yeyote, lifikishwe kwenye dawati la jinsia na watoto la polisi siku ileile, hata kama kesho yake ni fainali.