Nunua Matunzo, Mwanangu, Usinunue Mwendo

Mwanangu, nimesikia unadunduliza fedha za kununua Altezza. Sitakukataza. Kijana kupenda gari la mwendo si dhambi, na gari lenyewe si baya. Toyota walilitoa mwaka 1998 na kuacha kuliunda 2005. Linasukumwa na magurudumu ya nyuma, na ile RS200 ya gia sita za mkono ilitoka kiwandani ikiwa na nguvu za farasi 210 kwa injini ya lita mbili isiyo na tabo. Mwenzako anayelilia Subaru Impreza WRX naye namwelewa. Sisi tuliofuatilia Safari Rally hatujasahau Colin McRae alivyoshinda na Impreza kule Kenya mwaka 1997, wala Richard Burns mwaka 2000. Lakini shika neno hili kabla hujatoa hata shilingi: gari la umri huo, unachonunua ni matunzo ya waliolimiliki kabla yako. Mwendo wake waliufaidi wao.

Jiulize kwanza kwa nini limekuwa rahisi. Bei ya gari hushuka kila mwaka, bei ya spea haishuki pamoja nayo. Corolla ikiharibika, kila duka la Gerezani lina kifaa chake. Injini ya RS200 utaitafutia kifaa siku kadhaa, na utakachopata huenda kikawa cha mtumba kilichochoka kama chako. Kuagiza jingine Japani nako si mteremko. Hapa Tanzania gari dogo lililozidi miaka 8 huongezewa ushuru kwa sababu ya uchakavu, na likizidi 10 ushuru huo hupanda. Kenya hairuhusu kabisa kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Kwa hiyo utakalolipata kwa bei ya chini ni lile lililokwisha kuzunguka mjini, limepita mikono mitatu minne. Wala usidanganywe na dalali anayekusifia namba: namba E inakuambia lilisajiliwa lini hapa nchini, haikuambii liliundwa lini.

Ukienda kutafuta, tafuta lisilochezewa. Gari lililokatwa springi, likabadilishwa ekzosi ili lingurume, likaongezwa presha ya tabo, mwenyewe hakufanya hayo ili alipeleke msikitini au kanisani. Amelichapa. Lile la mzee mmoja au mama mmoja, lenye ekzosi ile ile ya kiwandani na redio ile ile ya zamani, ndilo lako, hata kama marafiki zako wataliona halina mvuto.

Nenda kulikagua asubuhi, na umwombe muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Gusa boneti, ukiikuta ya moto, ujue kuna jambo lilikuwa linafichwa. Injini ikiwaka, tazama moshi. Wa buluu ni oili inaungua. Mweupe usiokatika hata injini ikipata moto ni maji yanaingia ndani ya silinda. Mweusi ni petroli inayozidi. Chomoa kijiti cha oili na ufungue kifuniko cha oili: ukiona uji wa rangi ya maziwa, maji na oili vimechanganyika, aga uondoke. Kwa Subaru ya tabo, iache ipate moto kabisa kisha sikiliza chini ya injini. Ikigonga, inanoki, na dawa yake mara nyingi ni injini nyingine.

Uliza belti ya taimingi ilibadilishwa lini. Altezza RS200 na Impreza WRX zote zinatumia belti, na ikikatika injini ikiwa inazunguka, valvu hugongana na pistoni. Muuzaji akikosa risiti, hesabu kwamba haijabadilishwa. Ingiza gia ya pili kwa mwendo; ikikwaruza, giaboksi imechoka. Linyanyue, tazama kutu na mahali palipochomelewa, kisha linganisha namba ya chasisi na iliyo kwenye kadi. Kama limekuja na karatasi ya mnada wa Japani, isome: herufi R mahali pa daraja ina maana lilipata ajali likatengenezwa.

Nenda na fundi wako, usikubali fundi wa dalali. Mlipe posho yake hata akikuambia usinunue; siku hiyo ndiyo amekufanyia kazi kubwa zaidi. Halafu angalia kama namba ile ina deni la faini za barabarani, na kama kadi haijawekwa dhamana mahali. Mkataba uandikwe, na jina lihamishwe TRA mapema. Usibaki ukiendesha gari la mtu mwingine.

Sasa fedha. Ulizonazo zigawe mafungu matatu: mawili nunulia gari, la tatu usiliguse. Fungu hilo litabadilisha oili, belti, plagi, maji ya rejeta, breki na tairi kabla hujaanza kujionyesha. Tairi zisome pembeni: tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka ilipoundwa, 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi kuukuu inaweza kuwa na kashata nzuri huku mpira wake umekauka. Na bima ndogo itamlipa uliyemgonga. Gari lako litabaki juu yako.

Ukishalipata, kumbuka kwamba kwenye makazi ya watu kikomo ni kilomita 50 kwa saa, kwa mwenye RS200 na kwa mwenye bajaji. Mvua za kwanza huchanganyika na oili iliyomwagika barabarani, na gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma hukugeuza ukikanyaga mafuta kwenye kona. Sijali wenzako watasema nini ukiwapisha. Mwenye gari zima kesho ndiye aliyejua kuendesha.

Hesabu zako zikikuonyesha kwamba fedha inatosha kununua gari tu, basi haijatosha. Subiri, endelea kudunduliza, panda daladala. Altezza zipo, na iliyotunzwa inamngoja mwenye subira.