Richard More Alikuwa Mtoto wa Nani?

Mtu anayetafuta nasaba ya mlowezi wa Kiingereza wa karne ya 17 huanza kwa kuuliza huyu alizaliwa na nani, na baba yake alizaliwa na nani, akipanda hivyo hadi karatasi za parokia zinapomwishia. Swali hilo linaonekana halina ubaya wowote. Hata hivyo, yupo mlowezi mmoja ambaye swali hilohilo ndilo lililomtupa ng'ambo ya bahari akiwa hajatimiza miaka sita, na kisa chake kinatulazimisha kuuliza kama kweli damu ndiyo inayopaswa kufuatwa. Jina lake ni Richard More. Alizikwa Salem, Massachusetts, katika miaka ya 1690, akiwa nahodha mzee wa karibu miaka 80, mmoja wa abiria 102 waliovuka na merikebu ya Mayflower mwaka 1620. Kwa muda mrefu watafiti walimdhani yatima aliyeokotwa London. Kufikia mwaka 1960, baada ya nyaraka za ukoo wa More wa jimbo la Shropshire kupekuliwa na kuchapishwa, ilibainika kwamba hakuwa yatima hata kidogo. Siku aliyopakiwa merikebuni mama yake alikuwa hai, na mtu aliyetajwa kisheria kuwa baba yake alikuwa hai pia, tena ndiye aliyempakia.

Habari yenyewe imo katika tamko la mwaka 1622 la Samuel More, alilolitoa kujibu mashtaka ya mkewe. Samuel aliozwa Catherine More, binti wa ukoo wake, mwaka 1611. Yeye alikuwa kijana wa miaka 17, bibi harusi amempita kwa miaka kadhaa. Ndoa ilipangwa na wazee ili shamba la Larden, ambalo baba yake Catherine hakuwa na mwana wa kiume wa kulirithi, lisitoke nje ya ukoo. Kati ya mwaka 1612 na 1616 walibatizwa watoto wanne katika kanisa la Shipton: Ellen, Jasper, Richard na Mary. Samuel, ambaye muda mwingi alikuwa London akimtumikia Bwana Zouche kama katibu, alidai kwamba watoto hao walifanana na Jacob Blakeway, kijana wa jirani, na kwamba sura zao zilitosha kuwa ushahidi. Mwaka 1616 alivunja hati ya urithi wa Larden ili watoto wasije wakalidai, kisha akawaondoa kwa mama yao na kuwaweka kwa mpangaji wa baba yake. Mama aliwafuata huko, akawashika, ukatokea ugomvi wa kuvuta na kurarua nguo. Miaka minne baadaye walikabidhiwa kwa wasafirishaji wa Mayflower kwa ada ya pauni 100, wakaandikiwa kazi ya uanagenzi wa miaka saba na ahadi ya ekari 50 kila mmoja. Ellen alipewa Edward Winslow, Jasper akapewa John Carver, Richard na Mary wakaenda kwa mzee wa kanisa William Brewster. Jasper alikufa Desemba 1620 merikebu ikiwa bado imetia nanga kwenye ghuba ya Cape Cod, na dada zake wawili hawakuvuka majira ya kwanza ya baridi.

Tulitazame vizuri jambo alilolifanya Samuel, maana ndani yake mna kiini cha hoja nzima. Sheria ya Uingereza ya wakati ule ilishika kanuni ambayo wanafunzi wa fikihi wanaijua vizuri: mtoto anayezaliwa ndani ya ndoa ni wa mwenye ndoa. Kwa kanuni hiyo Samuel alikuwa baba, na kwa sababu alikuwa baba alikuwa na mamlaka ya kuwachukua watoto, kuwahamisha na kuwaandikia mkataba wa kazi. Lakini aliyatumia mamlaka hayo kwa hoja kwamba yeye si baba. Fikihi ya Kiislamu inampa mume mwenye shaka njia ya liani: aape mbele ya kadhi, ndoa ivunjike, na mtoto anasibishwe kwa mama yake. Hiyo ni njia chungu, lakini haimruhusu mtu kukana ubaba kwa mkono mmoja na kushika nguvu za ubaba kwa mkono mwingine. Samuel alivitaka vyote viwili akavipata. Alikuwa baba wa kutosha kuwapeleka Amerika, asiwe baba wa kutosha kuwarithisha Larden.

Hapo tunaona kwamba swali la damu halikuwa la damu tangu mwanzo. Lilikuwa la shamba. Kama Larden isingekuwepo, nani angekaa kuchunguza pua na macho ya watoto wanne wadogo? Hata upande wa Catherine jambo halikuwa wazi jinsi wasomaji wa leo wanavyopenda. Kwa mujibu wa tamko la mumewe, Catherine hakumkana Blakeway. Alisema alikuwa amefunga naye agano la ndoa kabla hajaozwa Samuel, kwamba hakuwa na mashahidi wa kutosha wa kulithibitisha, lakini mbele ya Mungu ilikuwa mamoja. Hayo si maneno ya mtu anayetapatapa. Sheria ya kanisa la Uingereza ilitambua ndoa ya watu wawili waliotamkiana kuwa mume na mke hata bila kasisi, na ilikuwa hivyo hadi Bunge lilipoyabadilisha mambo mwaka 1753. Ikiwa Catherine alisema kweli, basi ndoa yake na Samuel ndiyo iliyokuwa batili, na watoto walikuwa halali wa Blakeway. Uhalali wa watoto wanne ulitegemea kama mashahidi wawili waliwahi kusimama mahali fulani na kusikia maneno fulani. Kuzaliwa kwao hakukubadilika hata chembe kwa kuwepo au kutokuwepo kwa mashahidi hao.

Ninachokitetea ni hiki: dhambi na heshima havisafiri kwa damu, bali deni husafiri kwa mali, na mtafiti wa nasaba anayetaka kujua kitu chenye uzito wa kimaadili afuate mali. Msingi wake si mgeni kwa mtu wa dini. Kitabu cha Kutoka kinazungumzia uovu wa baba kupatilizwa hadi kizazi cha tatu na cha nne, lakini nabii Ezekieli, katika sura ya 18, anakataa waziwazi kwamba mwana atabeba uovu wa baba yake. Qurani nayo, katika sura ya Al-An'am na kwingineko, inakataza nafsi moja kubebeshwa mzigo wa nafsi nyingine. Lakini Qurani hiyohiyo, inapogawa mirathi katika sura ya An-Nisaa, inarudia tena na tena kwamba hisa hutolewa baada ya wasia na deni. Mrithi hahukumiwi kwa aliyoyafanya marehemu, ila hapokei nyumba huku akimfungia mlango mdai. Kanuni hizi mbili hazipingani. Moja inahusu nafsi, nyingine inahusu kilichomo mikononi.

Atakuja mtu na vipimo vya vinasaba aseme kwamba leo tunaweza kumaliza ubishi wa Samuel na Blakeway, na kwamba ukweli una thamani yake hata usipoleta faida. Nakubali kuhusu thamani ya ukweli. Tatizo ni kipimo hicho kitathibitisha nini. Mtu aliyetenganishwa na Richard More kwa vizazi kumi na viwili ana nafasi 4,096 za mababu na mabibi katika ngazi hiyo, na wengi wa waliozijaza nafasi hizo hawajamwachia hata kipande kimoja cha vinasaba kinachoweza kutambuliwa. Anaweza kuwa mzao halali wa Richard, kwa karatasi zote, bila kubeba chochote cha mwilini mwake. Ukoo wa Catherine umeunganishwa na wafalme wa zamani wa Uingereza na Uskoti, na wapo wanaolitaja hilo kwa fahari. Ufalme uliogawanywa kwa elfu kadhaa, kisha ukapitia kwa mtoto aliyetupwa kwa sababu ya ukoo huohuo, ni fahari ya kuchekesha kidogo.

Pingamizi kali zaidi linatoka katika maisha ya Richard mwenyewe. Alipokuwa na mke Salem, kumbukumbu za London zinaonyesha mwaka 1645 Richard More baharia akifunga ndoa nyingine huko, na watafiti wanamtambua kuwa ni yeye. Mwaka 1688, akiwa na miaka zaidi ya 70, kanisa la Salem lilimtenga kwa uzinzi na mke wa mtu. Msomaji anayeamini damu atasema basi, mambo ni yaleyale ya mama yake. Lakini hoja hiyo inajila yenyewe. Kama Catherine alikuwa na agano la kweli na Blakeway, hakuna uzinzi wa kurithiwa. Tena Richard hakulelewa na Catherine wala Blakeway. Alilelewa katika nyumba ya Brewster, mzee wa kanisa lililojitenga na Kanisa la Uingereza kwa kutaka usafi zaidi. Kama malezi ndiyo yanayojenga mtu, hao ndio wa kuulizwa. Kama damu ndiyo, basi wazao wote wa Richard wamo hatarini, jambo ambalo hakuna chama cha wazao kinacholiandika kwenye cheti chake. Watu huidai damu inapoleta sifa na kuisahau inapoleta aibu. Kipimo kinachotumika upande mmoja tu si kipimo. Kanisa la Salem lenyewe lilimpokea tena baada ya toba, likishughulika na mtu mwenyewe na matendo yake.

Wengine watasema dini zenyewe zinatunza nasaba. Injili ya Mathayo inaanza na orodha ya vizazi, na Watakatifu wa Siku za Mwisho walianzisha chama chao cha nasaba huko Utah mwaka 1894, kwa kuwa katika imani yao walio hai hubatizwa kwa niaba ya waliokufa. Ni kweli, na hifadhi yao imewafaa watafiti wa kila dini. Lakini orodha ya Mathayo inawataja Tamari, Rahabu, Ruthu na mke wa Uria, wanawake ambao mwandishi wa ukoo mwenye kiburi angewaruka. Mwandishi huyo hakuwa akisafisha damu. Na Wakatoliki kwa Waprotestanti wote wamesoma katika barua kwa Timotheo na kwa Tito onyo la kuepuka mabishano ya nasaba yasiyo na mwisho. Kutunza majina ya waliotangulia ni adabu. Kuyatumia kupanga watu daraja ndiko kunakopingwa.

Sasa turudi kwenye mali, maana huko ndiko utafiti wa walowezi unakopungukiwa. Plymouth, makazi ya abiria wa Mayflower, ilijengwa mahali palipokuwa Patuxet, kijiji cha Wawampanoag kilichofutwa na maradhi kati ya mwaka 1616 na 1619. Kabla ya kufika hapo, Novemba 1620, wanaume wa Mayflower walifukua mahindi yaliyohifadhiwa ardhini Cape Cod na kuyachukua. Wao wenyewe waliandika kwamba walikusudia kuyalipa, na mwaka 1621 walikubaliana na wenyeji wa huko, Wanauset, kuhusu fidia. Mahindi hayo ndiyo yaliyopandwa, na waliobaki hai walikula mavuno yake. Richard, mtoto aliyetupwa, alikula pia. Je, alitenda dhambi? Hapana. Je, alikula kitu chenye mdai? Ndiyo, na wazee wake walilikiri hilo. Sihitaji mfano mwingine kuonyesha kwamba mtu anaweza kuwa msafi wa nafsi na bado akawa amesimama juu ya haki ya mwingine. Ardhi haikupata hesabu kama ya mahindi. Richard alikuwa na shamba Duxbury, akaliuza mwaka 1637, akahamia Salem. Kila mnunuzi aliyemfuata alipata hati, na kila hati inarejea nyuma hadi mahali ambapo palikuwa na watu wengine.

Nitaambiwa deni la miaka mia nne limechakaa, na kwamba mdai na mdaiwa wote ni mavumbi. Ingekuwa hivyo kama pande zote mbili zingetoweka. Lakini chama cha wazao wa Mayflower kilichoundwa mwaka 1897 kinahakiki ukoo wa wanachama kizazi kwa kizazi, na upande wa pili Wawampanoag wa Mashpee walitambuliwa rasmi na serikali ya Marekani mwaka 2007. Mwaka 2020, wakati sherehe za kutimiza karne nne zikipangwa, wizara ya Marekani inayosimamia ardhi iliamuru kuondolewa kwa ulinzi wa ekari 321 za kabila hilo. Uamuzi huo ulibatilishwa baadaye. Huwezi kusema kumbukumbu ni hai inapokupa cheti na imekufa inapomletea jirani yako madai.

Kwa hiyo, wewe unayemtafuta mlowezi wako, iwe ni Richard More au mwingine, endelea kutafuta rejista ya ubatizo. Ila siku utakapoipata, omba pia daftari la viwanja la mji alioishi, uandike pembeni mwa kila jina alipata ardhi kutoka kwa nani na akamwachia nani. Katika shajara ya nasaba ya Richard, pale penye nafasi ya baba, andika majina yote mawili, Samuel More na Jacob Blakeway, na uandike wazi ni yupi kati yao aliyelipa pauni 100.