Mapendo Yanayotangulia Msiba

Katika siku za Mitume, nabii mmoja jina lake Agabo alishuka toka Yeruzalemu akafika Antiokia. Kwa nguvu ya Roho Mtakatifu aliwatangazia wakristu kwamba njaa kubwa itakuja, nayo ikaja kweli wakati wa Kaisari Klaudio. Yafaa kutazama jinsi wakristu wale walivyoipokea habari hiyo. Hawakukaa kulia, wala hawakuulizana nani amemkosea Mungu. Waliazimia kila mmoja atoe kadiri ya uwezo wake, wakawatuma Barnaba na Saulo kupeleka msaada kwa ndugu wa Yudea.

Habari hii imo katika sura ya 11 ya Matendo ya Mitume. Na sura hiyohiyo yasimulia kwamba ni mjini Antiokia wafuasi wa Yesu walipoitwa Wakristu kwa mara ya kwanza. Basi, kila mkatekumeni anayelitamani jina hilo atazame matendo ya wale waliolipokea mbele yake. Walimfikiria mwenzao mwenye njaa kabla njaa haijafika mlangoni pake.

*Balaa si alama ya mkosefu*

Kila mara balaa inapoangukia kijiji, ndimi huanza kutafuta mwenye kosa. Mmoja atamtaja mjane mzee, mwingine atamtaja mtoto yatima, na maneno ya uchawi yatapita toka nyumba hadi nyumba. Bwana Yesu aliisikia mazungumzo ya namna hiyo zamani. Mnara wa Siloamu ulikuwa umeanguka na kuua watu 18. Aliwauliza wasikilizaji wake kama hao walikuwa wakosefu kupita wakaaji wengine wote wa Yeruzalemu, naye mwenyewe akakataa. Ndipo akawaonya wote watubu, kila mtu dhambi zake mwenyewe. Kwa hiyo mkristu hamnyoshei kidole jirani yake siku ya msiba, bali humnyoshea mkono.

*Mlima wa moto na mito ya Kivu*

Wakaaji wa Kivu wanayajua mambo haya kwa macho yao. Kaskazini mwa mji wa Goma umesimama mlima Nyiragongo, wenye kimo cha meta 3,470. Tarehe 10 Januari 1977 mbavu zake zilipasuka, na ziwa la lava, yaani mawe yaliyoyeyuka kwa moto, likamwagika kwa muda usiofika saa moja. Lava hiyo ilikuwa nyepesi, ikatelemka kwa mbio kupita miguu ya mtu. Tarehe 17 Januari 2002 moto uliingia ndani ya mji wenyewe, ukapita katikati hadi Ziwa Kivu. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu liliteketea pamoja na nyumba maelfu, na watu laki kadhaa walikimbia. Tena jioni ya 22 Mei 2021, mkesha wa Pentekoste, mlima ulipasuka bila watu kuonywa mbele. Lava ilisimama Buhene, ukingoni mwa mji. Siku tano baadaye serikali iliamuru sehemu kubwa ya mji ihamwe. Watu walikwenda Sake, Rutshuru, Bukavu na Rwanda, na katika msongamano watoto wengi walipotezana na wazazi wao.

Wala si moto peke yake. Tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko, mvua kubwa ilifurisha mito ya Kalehe, kando ya Ziwa Kivu. Maji, matope na mawe yaliviangukia vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, na watu zaidi ya 400 walikufa.

*Kazi ya kabla*

Mbele ya mambo makubwa namna hii, mtu mmoja husema, “Mungu atatulinda,” naye hafanyi neno. Maneno yake yafanana na imani, lakini siyo imani. Shetani alipomweka Yesu juu ya kinara cha hekalu na kumshauri ajitupe chini ili malaika wampokee, Bwana alikataa, kwa sababu haifai kumjaribu Mungu. Noe naye alimwamini Mungu kabisa, na kwa sababu alimwamini alishika shoka akajenga safina wakati mbingu zilikuwa bado kavu.

Mwaka 1961 Maaskofu wa Kongo walichagua kuijenga Eklezia juu ya jumuiya ndogo zilizo hai, zile ambazo Kivu huziita shirika. Shirika ni nyumba chache zinazosali pamoja na kujuana kwa majina. Kwa ajili hiyo shirika laweza kufanya kazi ambayo motokari kubwa za msaada haziwezi. Wakristu wanaojitolea huuliza mapema: nani katika kilima hiki hawezi kutembea? Mama gani ana mapacha wachanga? Kipofu yule ataongozwa na nani? Kisha kila mnyonge hupewa mtu wake, kijana mwenye nguvu ambaye siku ya mbio atakwenda kwanza kwenye mlango huo. Njia ya kukimbilia huchaguliwa, na watoto huitembea mara nyingi hadi waijue. Jina la mtoto, la wazazi na la kijiji huandikwa na kushonwa katika nguo yake. Mahali pa mafuriko, watu hushauriana wasijenge katika njia ya mto, na hupanda miti kwenye miteremko iliyo wazi.

Elimu pia ni mapendo. Kandokando ya Goma na Sake, hewa nzito inayoitwa mazuku hutoka ardhini na kulala mabondeni, hasa usiku na alfajiri kusipokuwa na upepo. Haionekani kwa macho, nayo huua mbuzi na watu. Asiyejua asili yake aweza kudhani ni pepo au mchawi. Anayejua humwonya jirani asimlaze mtoto shimoni, wala asishuke mbio kumfuata aliyeanguka, maana ataanguka naye. Vilevile wakristu husikiliza wataalamu wanaoupima mlima, nao hutangaza maneno yao ya kweli kanisani na sokoni, pasipo kuongeza uvumi.

*Kazi ya baada*

Hatari haiishi siku moo moto unapopoa juu. Mwaka 2002, siku chache baada ya lava kusimama, watu waliingia katika kituo cha mafuta mjini Goma kuchota mafuta, na lava ya kando ilikuwa bado na moto. Mafuta yalilipuka, wakafa watu makumi. Kwa hiyo kuwazuia wenye njaa wasirudi upesi ni kazi ngumu ya mapendo, nayo haiwezekani kama hakuna chakula cha kuwapa mahali walipo. Maji nayo huchafuka, na kipindupindu hufuata wakimbizi. Mwenye kujitolea hufundisha kuchemsha maji na kuchimba vyoo mbali na visima.

Ndipo inakuja saa ya kugawa, na hiyo ni saa ya majaribu. Mfuko wa maharage umo mikononi mwa mtu ambaye watoto wake pia wana njaa. Ndugu zake humwita pembeni. Mwingine humnong’oneza kwamba Waprotestanti na Waislamu wangoje. Lakini Msamaria wa Injili hakumwuliza mtu aliyejeruhiwa dini yake wala kabila lake. Alimfunga vidonda, akamweka juu ya mnyama wake, akalipa nyumba ya wageni, tena akaahidi kurudi. Mahindi ya mjane yakipunguzwa hata kikombe kimoja, ni mali ya Kristu inayoibwa, maana yeye amesema anachotendewa mdogo ametendewa yeye. Kwa hiyo hesabu huandikwa, nayo husomwa mbele ya watu wote.

Neno la kurudi lisisahauliwe. Motokari za msaada huja na huenda. Baada ya miezi, mjane bado hana paa, na baba aliyezika watoto bado halali usiku. Ndipo shirika huonyesha kama ni shirika kweli: hubeba miti na matope ya ukuta, hulima shamba la mgonjwa, hukaa kimya kando ya anayelia, huomba Misa kwa ajili ya wafu.

*Maulizo*

Ulizo: Je, kujitayarisha kwa msiba ni kukosa imani?
Jibu: Hapana. Ni kuitumia akili aliyoitoa Mungu, na kumpenda jirani kabla hajalia.

Ulizo: Nani asaidiwe kwanza?
Jibu: Yule aliye dhaifu kupita wote, hata akiwa wa dini nyingine au adui.

Ulizo: Mkatekumeni ambaye hajabatizwa aweza kusaidia?
Jibu: Ndiyo. Matendo ya mapendo humtayarisha kwa ubatizo.

*Kazi ya juma hili*

Kabla ya dominika ijayo, kila mkatekumeni aende na mwenzake katika nyumba moja ya mzee au ya mgonjwa asiyeweza kukimbia. Wamsalimu kwa heshima, wachote maji yake, wamwulize angependa kubebwa na nani siku ya hatari. Majina hayo wamletee katekista, naye atayasoma mbele ya shirika baada ya sala, ili kila jina lipate mtu wake.