Mlo mmoja, hukumu mbili

Ukitoka Kericho kuelekea Litein, juu ya mashamba ya chai utaona mikaratusi imesimama safu kwa safu. Haikupandwa kwa urembo; ndiyo kuni za boila za viwanda vinavyokausha majani. Kwao Australia, mti huu ni chakula cha koala, mnyama anayelea mtoto mfukoni, ambaye Februari 2022 serikali ya huko ilimtangaza kuwa hatarini kutoweka katika majimbo ya Queensland na New South Wales. Mti huohuo humlisha nyigu wa milimita moja na kidogo, mzaliwa wa Australia vilevile, aliyegunduliwa magharibi mwa Kenya mwaka 2002. Hutaga katika vikonyo na majani machanga, yakaota vinundu, mche ukadumaa. Koala anachangiwa fedha, nyigu anatafutiwa dawa. Naona hukumu hizi zimetazama sura kuliko kosa.

Ushahidi uko Kangaroo Island, kusini mwa Australia. Koala si mwenyeji wa kisiwa hicho. Watu walimpeleka miaka ya 1920. Akazaana hadi akaipukutisha mikaratusi, mingine ikafa, na katika miaka ya 1990 wakuu wa huko wakaanza kuwafunga koala uzazi. Mnyama yuleyule, manyoya yaleyale, ila amehamishwa. Nyigu naye kwao ana maadui wanaompunguza. Ugenini alikuta karamu isiyo na bawabu.

Utaniambia koala ni adimu na nyigu tele, kwa hiyo huruma ina sababu. Ingekuwa uhaba ndio kipimo, bongo wa milimani, ambaye porini amesalia Kenya pekee, Mau ikiwa miongoni mwa misitu yake, angechorwa kwenye kila pakiti ya chai. Mkulima wa Bomet ana hoja nzito zaidi: miche imedumaa, na kuni hazingoji falsafa. Kweli, na simwombei nyigu msamaha. Lakini anayemwona mdudu tu hatauliza kwa nini shamba zima lilipandwa mbegu ya aina moja, ilhali aina nyingine za mkaratusi humstahimili. Wala hatakumbuka miaka ya 1940, fukusi mla mikaratusi alipoingia Kenya. Aliyemdhibiti alikuwa nyigu mwingine mdogo, mwenye asili ya Australia, aliyeletwa kwa sababu hutaga ndani ya mayai ya fukusi huyo.